Je, Mchoraji Ana Ruhusa ya Kuongeza?

Msafiri akirudi kwao na picha ndogo za nchi aliyoipita, watu humzunguka na kumwuliza, "Ndivyo ilivyo huko?" Swali hili ni jema, wala si jepesi. Na tulipime kwa mfano wa mtu mmoja wa Japani.

Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1832 aliifuata njia kuu ya Tokaido, mwendo wa kilometa 490 hivi, toka Edo hata Kyoto. Njiani palikuwa na vituo 53. Baadaye alitoa picha 55, moja ya kila kituo, na mbili za mwanzo na mwisho wa njia. Zilichongwa katika mbao, zikapigwa chapa kwa rangi, kila moja yapata ukubwa wa daftari lililofunuliwa.

Katika moja twaona wapagazi wakipanda kilima na machela, na mvua imewashukia ghafula. Nyingine ni ya Kambara: ni usiku, theluji imefunika mapaa, na watu watatu wapita wameinama. Picha hii hupendwa sana. Lakini Kambara ni karibu na bahari, wala hapana baridi kali. Theluji nyingi namna ile ni adimu huko. Je, Hiroshige alikuwa mwongo?

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini yatupasa kuuliza kwanza: mtu huyu alituahidi nini? Mchora ramani ametuahidi njia. Akitia daraja pasipo daraja, mtu atakufa maji, na hatia ni yake. Mchora mandhari hakutuahidi hivyo. Ametuahidi kutuonyesha ugeni wa njia, uchovu wa msafiri, na hamu yake ya moto wa nyumbani. Katika hayo, theluji ya Kambara haikumdanganya mtu.

Hata hivyo tusimpe mchoraji ruhusa isiyo na mpaka. Picha ndogo haina nafasi; kila achoraye huchagua la kutia na la kuacha, na hapo ndipo penye hatari. Mtu aweza kupita katika nchi ya jirani zake, akachora kibanda kilichobomoka, mtoto mwenye matambara na ng'ombe aliyekonda, akaacha mashamba mazuri yaliyo upande wa pili wa njia. Kila mstari ni kweli, na picha nzima ni uongo, maana yawafundisha watazamaji kuwadharau watu wasiowajua. Na mwingine akichora shibe penye njaa, mwenye kuweza kusaidia hatasaidia.

Basi kipimo chetu ni hiki: wenyeji wa mahali pale wakiitazama picha, je, watasema, "Tumedhulumiwa"?

Tena sote tu wachoraji, ijapokuwa hatukushika brashi. Kila atokaye safarini hutoa picha ndogo barazani kwa maneno. Mtoto akichora mti usiokuwapo njiani, tusimwite mwongo upesi. Tumwulize aliutia kwa sababu gani. Na mtu mzima akituletea habari za kijiji cha wengine, tumwulize ameacha nini.