Hariri Iliyotiwa Uzito

Somo: Kutoka 35:25–26, Mithali 11:1

Tukitaja Pentekoste, wengi wetu tunafikiria mkesha. Kule Manchester, Uingereza, wiki ya Pentekoste ilianza kuwa wiki ya kutembea mwaka 1801. Watoto wa shule za Jumapili, na baadaye kwaya na bendi za tarumbeta, walitoka barabarani wakiimba, na kila kanisa likatanguliza bendera yake. Sisemi haya mabango yetu ya plastiki, ya kuchapisha leo na kutupa kesho. Hiyo ni hariri kubwa kama ukuta wa chumba, imening'inia kati ya miti miwili. Wabebaji huvaa mishipi ya ngozi yenye kikombe cha kuingizia mti, na wengine hushika kamba mbele na nyuma, maanake upepo ukiingia pale, bendera inageuka kuwa tanga la mashua.

Nyingi zilichorwa kwa rangi na mafundi wa kulipwa. Lakini nyingine zilishonwa na kutariziwa kwa mkono, na hizo ndizo zinazonisumbua. Nyingi hazina jina la mshonaji popote. Wanawake wa mji wa Leek, ambako Elizabeth Wardle alianzisha chama cha kutarizi mwaka 1879, walikuwa na akili: waliponakili kile kitambaa kirefu cha Bayeux, kila mmoja alitarizi jina lake chini ya sehemu yake. Mimi nawapongeza.

Sasa swali. Bendera kama hiyo ikizeeka, ni haki kuendelea kuibeba, au ni haki kuifungia?

Nilisomea biashara, na jibu la kwanza linalonijia ni la mhasibu: kila kifaa kina uchakavu wake, kitumie mpaka kiishe, kisha ununue kingine. Lakini wanaotunza vitambaa vya kale watakuambia kwamba madhara ya mwanga hujumlishana na hayarudi nyuma. Hariri haiponi ikipumzishwa. Kila saa juani ni pesa unayotoa kwa akaunti ambayo hakuna mtu ataweka tena. Ndiyo sababu majumba ya makumbusho huweka taa hafifu, na lile la People's History Museum, hapo hapo Manchester, hubadilisha bendera zinazoonyeshwa, nyingine zipate giza.

Basi tuziweke gizani tu? Hebu ngoja.

Uzi wa hariri ukitoka kwa kiwavi una ute unaonata. Ute huo ukichemshwa na kuondolewa, hariri hupoteza karibu robo ya uzito wake. Na hariri iliuzwa kwa uzito! Kwa hivyo katika karne ya 19 viwanda vilizoea kuizamisha kwenye chumvi za madini, kama bati na chuma, ili uzito ule urudi na hata kupita. Mteja alishika kitambaa kizito, kinachokaa vizuri, kwa bei nafuu. Akafurahi. Lakini chumvi hizo hula nyuzi polepole. Miaka ikipita, hariri hiyo hupasuka yenyewe kwa mistari, hata kama iko kwenye droo na haijabebwa barabarani hata siku moja.

Mfikirie yule mama. Alitoa jioni zake, akahesabu kila tundu la sindano, kazi yake haikuwa na udanganyifu wowote. Kile alichoshonea ndicho kilikuwa na uongo ndani yake. Nani mwenye kosa? Ni rahisi kumnyooshea kidole mfanyabiashara, na Mithali wanamsema. Lakini mtindo huo ulijulikana sokoni. Kamati iliyotaka hariri nzito kwa bei ya nyepesi ilikuwepo mezani pia, na mimi kamati nazijua. Waliolipia si muuzaji wala kamati. Ni mshonaji, pamoja na mtoto aliyekuja miaka mia baadaye akakuta vipande.

Kwa hivyo sikubali kwamba kufungia ndiyo heshima siku zote. Hezekia alimvunja nyoka wa shaba, ingawa Musa alimtengeneza kwa agizo, kwa sababu watu walimhifadhi mpaka wakaanza kumfukizia uvumba. Lakini pia siwaungi mkono wanaosema ibebwe mpaka ianguke. Kwaya inayofanya hivyo inamaliza, kwa alasiri moja ya upepo, kitu ambacho haikukishona.

Mimi naona ya kale ilazwe, ishikiziwe kwenye kitambaa kipya cha kuibeba kwa chini, ifunikwe kwa wavu mwembamba, na mikono iliyo hai ishone nyingine ya kutembea nayo. Hiyo ni gharama, na mweka hazina ana haki ya kuuliza. Nami ningemwomba aulize jambo moja zaidi kabla ya kulipia hariri mpya. Achomoe nyuzi chache, azichome. Hariri safi huacha majivu yanayosagika kwa kidole. Iliyotiwa madini hubaki imesimama na umbo lake, kama mifupa. Jaribio hilo lifanywe mbele ya kamati nzima, na mama washonaji wawepo.