Aliyeshika Mwisho

Kifaa cha watu thelathini kikivunjika mkononi mwa mmoja, ni nani amekivunja?

Najua kuna maswali makubwa kuliko hili. Hapa Kakuma watu wanauliza tutarudi lini, nani ameitwa mahojiano, chakula cha mwezi huu kimepunguzwa kiasi gani. Mimi nauliza habari ya racheti. Nivumilieni kidogo.

Nafanya kazi na vijana kwenye karakana ndogo ya pikipiki. Tuna sanduku moja la vifaa, na ndani yake kulikuwa na racheti moja ya nusu inchi. Kwa wasioijua (nafikiria hasa wasomaji wetu wa ofisini), racheti ni ule mpini wa kufungulia nati ambao ukiuvuta unashika, ukiurudisha unalia tik-tik-tik bila kugeuza nati, kwa hiyo huna haja ya kutoa soketi kila mara. Ndani kuna gia ya meno, na kuna kiulimi cha chuma kinachosukumwa na springi ili king'ate meno hayo. Ikiwa na meno 36, kila mlio ni nyuzi 10 za duara. Ikiwa na meno 72 ni nyuzi 5, na hiyo inafanya kazi hata mahali ambapo mkono hauna nafasi ya kucheza. Yetu ilikuwa ya meno 72. Ni meno madogo na hayataki mchanga. Sasa fikiria mchanga wa Kakuma siku ya upepo.

Ukutani kulikuwa na karatasi: KIFAA KIKIVUNJIKA MKONONI MWAKO, UNALIPA. Mwandiko ni wangu. Kamati ilipitisha, mimi nikaandika kwa herufi kubwa, na nilijisikia vizuri kabisa.

Siku moja asubuhi kijana mmoja, mtulivu, wa miaka kama kumi na tisa, alikuwa anafungua nati ya ekseli ya nyuma. Nati ilikuwa imeshika kutu. Akavuta mara moja, akavuta mara ya pili, na kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi kikakatika. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye meno ya gia ya mnyororo. Tulimfunga kitambaa, na jioni hiyo hiyo kamati ikakaa. Bei ya racheti: shilingi 1,200. Yeye anasukuma maji kwa wilbaro kupelekea wenye maduka, kila mtungi kwa pesa kidogo. Akaulizwa ana neno gani. Akasema, "Sawa." Akapewa wiki tatu.

Pale mezani alikuwepo mzee mmoja fundi, aliyetengeneza magari Bukavu kabla hata baadhi yetu hatujazaliwa. Akaokota kile kipande kilichokatika, akakigeuza kwenye mwanga, akanipa. "Angalia, mwalimu." Nusu ya mkato ilikuwa inang'aa kijivu kama chuma kipya. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, yenye mafuta ya zamani na kutu kidogo. "Hii imevunjika mara mbili," mzee akasema. "Leo ni mara ya pili." Kila mtu akatazama, hakuna aliyeuliza mara ya kwanza ilikuwa lini.

Mimi nilijua. Siku tisa kabla, nikiwa peke yangu, nilichomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili nipate nguvu. Mpini wenyewe ni kama sentimita 25, na bomba lilifikisha kama 75. Ukirefusha mara tatu, nguvu inayopinda kile kichwa nayo ni mara tatu. Kazi hiyo ilitaka ule mpini mrefu usio na meno ndani, ambao hatuna. Nikasikia "ka!" ndogo. Nikaangalia, inazunguka. Nikaipangusa, tena niliipangusa vizuri kuliko siku zote, nikairudisha sandukuni. Na jioni ile kwenye kamati nilikaa na kile chuma mkononi, nikasema, "Eh, kweli, mzee," nikakiweka mezani.

Naomba mnielewe, sitaki tu kujipiga kifua. Nataka kujua ile sheria ilikuwa na kosa gani, kwa sababu haikuwa sheria ya kijinga. Karakana ina Wakongomani, Wasudani Kusini, Warundi, Waethiopia. Ukianza kuuliza nani alitumia vibaya, na lini, na nani shahidi wake, kabla ya saa moja kwisha swali limekuwa la kabila. Sheria ya aliyeshika mwisho haihitaji shahidi. Kila mtu anaona kifaa kiko mkononi mwa nani. Inaleta amani ya haraka, na mahali tunapoishi amani ya haraka si kitu cha kudharau.

Lakini angalia inamfundisha mtu nini. Ukisikia "ka!" una njia mbili. Useme, ulipe. Au ukiweke chini polepole, ukipangusa, usubiri mwingine akishike. Sheria yetu ilikuwa mchezo wa kupokezana kaa la moto, na mchezo huo mshindi ni mwenye kimya. Tulidhani tunalinda vifaa, kumbe tulikuwa tunafundisha vijana kuficha ugonjwa wa vifaa. Na mwanafunzi wa kwanza kufaulu alikuwa mwalimu mwenyewe.

Baadaye tulifungua ile racheti, maana hata maiti inachunguzwa. Ukifungua, ifungulie ndani ya sufuria au juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu springi ni ndogo kama punje na inaruka. Ikiangukia mchanga wa hapa, kwaheri. Mara moja ilitupotea tukakata ya kalamu tukaweka, ikafanya kazi nyepesi nyepesi tu. Ndani tulikuta grisi nzito, na mchanga umechanganyika nayo mpaka imekuwa kama tope la kusagia vyuma. Kiulimi kilikuwa kinanata, hakingii vizuri kwenye meno. Ndiyo maana ilikuwa inateleza, halafu inashika ghafla, na kila ikishika ghafla ni kama unaipiga nyundo pale penye ufa.

Nani alipaka grisi? Msichana mmoja kati ya wanafunzi wetu, mwenye bidii kuliko wote. Aliona kinakauka, akakijaza. Na mimi nilimsifu mbele ya wenzake. Racheti haitaki hivyo. Inataka kuoshwa kwa parafini na mswaki wa zamani, ikaushwe, halafu matone mawili matatu ya mafuta mepesi, basi. Alikitunza kifaa kwa moyo wote na akakiharibu. Sasa huyo naye tumhesabu wapi? Kwa kipimo cha nia hana kosa hata kidogo, lakini chuma hakikumuuliza nia yake.

Mfanyakazi mmoja wa misaada, nilipomsimulia, aliniambia kwamba Marekani kuna chapa ya Craftsman, iliyoanza kuuzwa na maduka ya Sears mwaka 1927, ambayo ilijulikana kwa ahadi kwamba kifaa cha mkono kikivunjika unapeleka dukani unapewa kingine, bila maswali. Nilifurahi sana nikidhani hilo ndilo jibu, halafu nikafikiria tena. Swali la nani alivunja halikufutwa pale. Lililipiwa mapema, ndani ya bei, na wanunuzi wote pamoja, wale wa bomba na wale wa mikono mitaratibu. Ni aina ya mfuko wa pamoja. Sisi tunajua mifuko ya pamoja, mama zetu wanachanga kila wiki kwa ajili ya misiba. Kwa nini racheti isichangiwe?

Nilipeleka wazo hilo kwa mzee fundi. Hakulipenda. "Mwanangu," alisema, "ukimwambia kijana kuwa kikivunjika kuna mfuko, kesho atapigilia misumari na racheti." Nilikosa jibu la kumtosha, na mpaka leo sina. Anachosema nimekiona kwa macho yangu, wanageuza bisibisi kuwa patasi, na koleo kuwa nyundo. Tulichokubaliana ni kitu kidogo: ukisikia mlio mbaya, funga kitambaa chekundu kwenye kifaa na ukiweke pembeni, na hakuna atakayekuuliza neno. Ukikutwa umeficha, unalipa. Ile karatasi niliitoa ukutani mwenyewe.

Ndugu zetu mnaoleta masanduku, hapa nina neno kwenu pia, bila ugomvi. Sanduku linakuja jipya, tunapiga picha. Chupa ya mafuta mepesi haiji, springi za akiba haziji, na ule mpini mrefu wa nati ngumu hauji. Sijui kama ni kwa sababu vitu vidogo havipendezi kwenye picha au kwa sababu sote, nyinyi na sisi, tumeamua kwamba hapa ni mahali pa kupita, na mahali pa kupita hapatunzwi. Kambi hii ilifunguliwa 1992. Nimewafundisha vijana waliozaliwa humu, na sasa baadhi yao wana watoto.

Turudi kwa yule kijana. Wiki tatu zikaisha akawa amelipa yote. Nilikaa siku nyingine nne kabla ya kwenda, na hizo nne siwezi kuzitetea. Nilimkuta jioni kwenye bomba la maji, amepanga mitungi yake kwenye foleni. Kidole bado kilikuwa na kovu jekundu. Nikamwambia yote, bomba, ile "ka!", kupangusa, kamati. Nikatoa 1,200.

Alinyamaza mpaka foleni ikasogea, akasogeza wilbaro yake, akarudi. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha.

"Mwalimu," akasema, "hiyo kitu ilikuwa inateleza tangu Jumatatu. Nilisikia. Nikajua kuna kitu. Nikasema ngoja nimalize nati moja tu, niirudishe, atakayekuja ashughulike."

Akahesabu pesa. Akachukua 800, akanirudishia 400.

Nikamwambia achukue zote, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Akakataa. Tukabishana pale mpaka mama mmoja nyuma yetu akatuambia kama hatutaki maji tumpishe. Zile 400 ninazo bado, nimezikunja ndani ya daftari la vifaa. Siwezi kuzila, na kila nikijaribu kuziweka kwenye mfuko wa karakana naona kama nauza kitu ambacho si changu.