Mpe Mbegu Muda Wake

Mkulima wa Matiliku, ua la boga hufunguka asubuhi moja tu. Jua likishakolea linanyong'onyea na kujifunga, na nafasi imekwenda. Anayetaka mbegu safi ya boga lake la asili hana budi kuwatangulia nyuki shambani. Kisha, baada ya asubuhi hiyo moja, anangoja kwa miezi. Nakuandikia wewe uliyekwisha kuamka mapema, ukafanya kazi yako, na sasa subira imeanza kukuishia. Usilegee. Umebakiza sehemu iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida.

Kazi yenyewe unaijua. Jioni unapita kwenye mashina yanayotambaa ukitafuta matumba yaliyoanza kugeuka manjano nchani, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayofunguka kesho. Jike unalitambua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake, dume kwa kikonyo chake chembamba. Unazifunga ncha zake kwa uzi ili nyuki asiingie. Alfajiri unachuma dume, unalibandua petali hadi libaki lile jiti la katikati lililojaa unga wa manjano, unalifungua jike taratibu, na kulipaka unga huo pale katikati penye kunata. Unalifunga tena, unaacha utepe kwenye kikonyo uwe alama. Dakika chache tu, umemaliza.

Siku chache baadaye utajua kama chavua imeshika. Kiboga kisichoshika hugeuka njano, hunyauka na kuanguka. Kikianguka, usivunjike moyo. Mmea wenye afya utatoa maua mengine, nawe utaamka tena. Kilichoshika huvimba upesi, na baada ya wiki chache kinatosha kujaza sufuria.

Hapo ndipo vishawishi vinapokuja. Mgeni amefika na mboga hakuna. Siku ya soko, mnunuzi amesimama kando ya shamba anataja bei. Boga lenyewe linang'aa, linaonekana tayari, na kwa mpishi ni tayari kweli. Kwa mbegu bado. Ukilipasua sasa utakuta mbegu zenye ganda zuri na kiini chembamba, na msimu ujao zitaoza ardhini au zitatoa miche isiyo na nguvu.

Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Mwenye mbegu huvumilia hata kumshinda huyo anayekula. Yeye huhesabu siku 50 hivi tangu uchavushaji, mara nyingine zaidi. Hungoja kikonyo kikauke na kuwa kigumu kama kuni. Hubonyeza ganda kwa ukucha, na ukucha ukiingia, anajua siku haijafika. Akishavuna haharakishi kisu. Huliweka boga kivulini wiki tatu au nne, kwa sababu mbegu huendelea kujaa ndani ya boga lililokwisha kukatwa shambani. Ndipo huzitoa, huziosha, na kuzianika mahali penye hewa hadi mbegu ukiikunja inavunjika badala ya kupinda.

Na hata hapo jibu halijaja lote. Boga likiingiliwa na chavua ya aina nyingine, halibadiliki ladha wala rangi mwaka huo. Mchanganyiko hujificha katika mbegu na kutokeza katika kizazi kinachofuata. Kwa hiyo uzi ule uliofunga jioni, thamani yake utaiona msimu ujao, maboga mapya yatakapotambaa shambani na kuzaa sura ileile uliyoichagua. Hii ndiyo maana ya kufanya kazi ukiamini.

Usimsikilize anayesema kwamba huku ni kupoteza wakati. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ilienea, na hadi leo wakulima wa Bundibugyo nchini Uganda wanaifuata. Ua la vanila nalo hufunguka kwa siku moja. Likishashika, ganda lake huchukua miezi tisa hivi kukomaa. Wako wanaochuma mapema kwa kuogopa wezi au kwa tamaa ya fedha, na vanila mbichi haina harufu wala bei ya haja. Ndiyo maana serikali ya Uganda imelazimika kutangaza tarehe za kuvuna.

Hapa kwetu Ukambani tuna ushahidi wetu. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa kwa takribani miezi mitatu na kuiwahi mvua kabla haijakatika, yalitoka katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, katika miaka ya 1960. Aina ya mbegu haipatikani kwa msimu mmoja. Watu walichagua, wakapanda, wakangoja, wakachagua tena, mvua ikija na isipokuja. Tangu hapo, familia ngapi zimekula kutokana na subira yao?

Na Machakos hiyohiyo imetupa habari nyingine njema. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kupinga vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomtishia kifungo au faini kubwa mkulima anayegawa au kuuza mbegu zake alizohifadhi. Walingoja miaka mitatu. Novemba 2025, Mahakama Kuu ya huko Machakos ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Ile mbegu ya bibi yako, ile aliyokuwa akimpa jirani bila kumwuliza mtu, imerudishiwa heshima yake.

Sasa zamu ni yako. Mvua za vuli ndizo tegemeo letu, na kila msimu unaopita bila mtu kuhifadhi mbegu, huenda aina moja zaidi ikatoweka kijijini. Mama mwenye boga tamu kuliko yote mtaani, usiache litoweke nawe. Kijana uliyerudi nyumbani kutoka Nairobi ukidhani shamba halina elimu, elimu ndiyo hii, na inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Na unapongoja usikae bure: tandaza majani makavu chini ya boga lisiozee ardhini, zuia mbuzi, mwagilia maji jioni, andika tarehe mahali utakapoiona. Tumia boga la asili tu, kwa kuwa mbegu za chotara kutoka dukani hazitazaa zilivyozaa mara ya kwanza.

Chagua mmea mmoja, ulio bora kuliko yote uliyo nayo. Funga maua yake jioni, uyachavushe asubuhi, na ukatae kulikata boga hilo hata wakikuomba, hadi kikonyo kikauke. Mbegu utakazopata, panda nusu. Nusu mpe jirani.