Mpunga wa mke ni wa nani?

Gambia ni nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, na huko kilimo cha mpunga wa mabondeni ni kazi ya wanawake tangu zamani. Wamandinka wana majina mawili ya shamba. Maruo ni shamba la nyumba: wote hulima, na mavuno huwa chini ya mkuu wa kaya. Kamanyango ni shamba la mtu binafsi. Anayelilima huuza mazao na fedha ni zake.

Mwaka 1984 ukaanza mradi wa umwagiliaji wa Jahaly-Pacharr, wa hekta zipatazo 1,500. Mpunga ukawa wa kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mashamba mengi yaliandikishwa kwa majina ya wanawake, lakini majumbani yakaitwa maruo. Kwa neno hilo moja tu, kazi ya mke ikaongezeka na kipato kikahamia kwa mume. Wapo wanawake waliodai walipwe kwa mpunga, na wapo walioyaacha mashamba hayo wakaenda kufanya vibarua kwa watu wengine.

Magunia yaliongezeka, hilo halina ubishi. Je, yawezekana kukawa na dhulma ndani ya nyumba ambayo wote wanakula wakashiba?

Utasikia mtu akisema mali ya mke na mume ni moja. Ni maneno matamu, lakini, ndugu msomaji, sheria yetu haikusema hivyo. Suratun Nisaa, aya ya 32, inampa mwanamke fungu lake katika alichokichuma kama inavyompa mwanamume lake. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Mke akichangia, ametoa sadaka, na sadaka hutoka kwa ridhaa ya mwenye mali. Kilichochukuliwa kwa kubadili jina la shamba hakiitwi sadaka.

Itazame zaka. Mazao ya kumwagilia kwa gharama hutolewa nusu ya ushuri, na mtoaji ni mwenye mazao. Katika mashamba yale angedaiwa nani: aliyepanda na kuvuna, au aliyetia fedha mfukoni?

Nasi wa mijini tusijione tumesalimika. Mama anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, mchele kanunua mwenyewe, mkaa kanunua mwenyewe. Jioni mume anauliza, "Leo zimepatikana ngapi?", na mkono keshaunyoosha.