Hukumu ya Karata za Mnyonge

Bismillahi Rrahmani Rrahimi.

MAS-ALA: Msafiri wa pwani apitaye Lusahunga, wilayani Biharamulo, hata mpakani Rusumo, wilayani Ngara, huenda akaalikwa karata za fedha akingoja zamu ya kuvuka. Kila mtu huweka fedha, hupewa karata tano, hutupa asizozitaka na kutwaa nyingine. Kisha mwenye karata dhaifu kuliko wote ndiye atwaaye fedha. Katika namna moja ya mchezo huu, zilizo bora ni 2, 3, 4, 5 na 7 zisizo za aina moja. Jozi ni hasara. Mwenye kualika husema: "Hii ni akili, si bahati, hesabu wenzio wametupa ngapi." Je, akili yahalalisha?

JAWABU: Fahamu, ewe ndugu, ya kwamba wanavyuoni wa Kishafii wametenga mchezo utegemeao hesabu, kama sataranji, na utegemeao kubahatisha, kama dado. Lakini fedha zikiwekwa na pande zote, hata sataranji huwa kamari. Na kamari imekatazwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Basi akili haikuihalalisha, bali yazidisha dhuluma, kwani mjuzi humla mjinga huku akicheka naye.

Wala mtu asidanganyike kwa kuwa mnyonge hushinda: unyonge ni wa karata, si wa moyo, moyo wataka mali ya mwenziwe vile vile.

Atakaye kupumzika na acheze bao pasipo fedha, kete zote zi wazi, wala lisimpitishe sala. Na aliyekwisha kula fedha za karata, toba yake haitimii mpaka azirudishe kwa wenyewe.

Wallahu aalam.