Uzio, Kitanzi na Nyara ya Mwindaji

Huku kwetu Bariadi na Itilima neno uzio ni neno la matumaini. Tembo watokapo katika Pori la Akiba la Maswa na kuingia mashambani, huangamiza kwa usiku mmoja mahindi na pamba ya mwaka mzima, na pengine watu hupoteza maisha. Si ajabu basi mkulima akisema, Laiti pangalikuwa na uzio kati yetu na wanyama hawa. Hatumlaumu. Lakini uko uzio mwingine, ambao haukujengwa ili mnyama asimdhuru mtu, bali ili asimponyoke mtu aliyelipa fedha apate kumwua. Habari ya uzio huo ndiyo tutakayoitazama mwezi huu, kwa maana watu wenye akili wanabishana juu yake, na hoja zao si nyepesi.

Jambo hili limekua sana katika Afrika Kusini, na pia huko Texas katika Marekani. Mwaka 1991 Afrika Kusini ilitoa sheria ya kwamba mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha hapotezi haki yake juu ya wanyamapori walio ndani, hata wakitoroka. Hivyo nyati na swala wakawa mali ya mtu, kama ng'ombe. Baadaye wakafuata simba. Inakadiriwa kuwa simba wapatao 8,000 au zaidi wamefugwa huko. Mtoto wa simba huondolewa kwa mama yake siku chache tu baada ya kuzaliwa, hunyweshwa maziwa kwa chupa, na wageni hulipa ili wambebe na kupiga picha naye. Wakisha kukua, wengine hupelekwa katika kiwanja chenye uzio mrefu, na mwindaji aliyekwisha kumchagua wake kwa kutazama picha huja kumpiga risasi. Kichwa na ngozi hukaushwa, vikapelekwa ng'ambo. Mwaka 2016 Marekani ilikataa kupokea nyara za simba waliofugwa hivyo, na mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilikubali shauri la jopo lake kwamba ufugaji huo ukomeshwe.

Huku Simiyu hali si hiyo. Katika Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, nayo serikali ndiyo mlinzi wao. Pori la Maswa, lililotengwa katika miaka ya 1960 na kupunguzwa mipaka zaidi ya mara moja, limegawanywa vitalu vya uwindaji wa kitalii, wala halina uzio. Simba aliyesikia ngurumo ya gari leo, kesho aweza kuwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambako mwindaji hana ruhusa ya kumfuata. Tena kanuni zataka simba anayewindwa awe dume aliyetimiza miaka sita. Mgeni aweza kukaa majuma matatu, akatoa fedha nyingi, akarudi kwao bila simba. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba neno hili halituhusu, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inazitambua pia ranchi na mashamba ya wanyamapori kwa kibali, na penye ranchi hapakosi uzio.

Wanaoutetea uwindaji wa ndani ya uzio wasema hivi: Ninyi mwachinja ng'ombe zizini, naye hana njia ya kukimbia, wala hamwoni haya. Mnyama wa shambani mwetu ameishi vema, akafa kwa risasi moja. Wa porini huweza kujeruhiwa, akapotelea vichakani na kufa kwa siku tatu. Tena wasema kwamba mahali mnyama anapokuwa na bei, mwenye ardhi humlinda. Wanatuonyesha vifaru weupe, ambao zaidi ya nusu yao katika Afrika Kusini wako katika mashamba ya watu binafsi. Neno hili la vifaru ni la kweli. Na neno la ng'ombe lastahili kujibiwa bila kupiga kelele.

Jibu letu ni kwamba achinjaye ng'ombe hadai neno. Hatundiki pembe ukutani na kuwaambia wageni jinsi alivyomfuata siku nzima. Ataka nyama, apata nyama, na jirani wote wajua ilikotoka. Bali anunuaye nyara hanunui nyama wala ngozi tu. Ngozi angeliweza kuipata dukani. Hununua ushahidi. Pembe ile ukutani yanena kwa niaba yake: huyu bwana alikwenda porini, akashindana na mnyama mwenye nguvu, akamshinda. Ikiwa mnyama hakuwa na njia ya kushinda, wala hata ya kutoroka, basi pembe yashuhudia jambo ambalo halikutokea. Hapo ndipo ubaya ulipo kwa maoni yetu, wala hatuuoni katika waya wenyewe.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Walikuwako bayege, chama cha wawindaji wa tembo, wenye mafunzo na siri zao. Naye mtu aliyemwua simba mla ng'ombe alicheza ngoma na kupita nyumba kwa nyumba, wenye mifugo wakampa zawadi. Desturi hii imeonekana hata katika karne hii kwa Wasukuma waliohamia upande wa Katavi. Walimpa kwa sababu mbili: amewaondolea adui, tena amesimama mbele ya meno yake. Mtu angalimfunga simba kwa kamba akamchoma mkuki, kisha akaja kucheza ngoma, watoto wangalimcheka.

Nao waliotaka uwindaji wa haki huko Marekani waliona vivyo hivyo. Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na rafiki zake, hakiandiki katika daftari lake nyara ya mnyama aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuuvuka.

Sasa tutazame sheria yetu, kwa maana ndani yake mna neno ambalo wengi hawalijui. Inapozitaja njia za kuwinda zilizokatazwa bila kibali maalum, inataja sumu, shimo, wavu na kitanzi, na katika orodha iyo hiyo inataja uzio na boma. Kitanzi cha waya na uzio wa waya vimewekwa pamoja! Mwanakijiji ategaye waya kando ya pori ili apate nyama ya nyumbu huitwa jangili, na akikamatwa hufungwa. Hatumtetei, kitanzi hakichagui, hunasa mwenye mimba na asiye na mimba, na wengine huoza humo bila kuliwa. Lakini yeye atenda kwa siri, na hakuna mtu ampaye sifa. Mwenye shamba la uzio, katika nchi zilizomruhusu, afanya lile lile la kumfungia mnyama njia, naye hupewa hati yenye muhuri na picha ya ukumbusho. Tofauti kati yao ni fedha, na fedha haikumfungulia mnyama mlango.

Twakiri kwamba mpaka si mwembamba kama uzi. Hata katika vitalu vya wazi chui huvutwa kwa nyama iliyotundikwa mtini, naye mwindaji amejificha. Na uzio uzungukao nchi ya safari ya siku nzima si sawa na ule wa eka kumi. Sisi twauliza hivi: mnyama akisha kumtambua mwindaji, je, aweza kumshinda kwa njia yo yote, kwa mbio, au kwa kujificha, au kwa kwenda zake? Walimu wetu wa dini wanalikumbuka agizo dogo la Torati juu ya kiota, kwamba atwaaye makinda amwache mama aende. Hata palipo na ruhusa ya kutwaa, njia moja imeachwa wazi.

Kwa hiyo, mtu akija katika kijiji cha Bariadi, Itilima au Meatu kutafuta ardhi ya ranchi ya wanyamapori, na mkutano wa kijiji ukiitwa kutoa shauri, wazee wasiulize tu juu ya kodi na kazi za vijana. Waulize wanyama hao watauawa kwa kusudi gani. Akisema ni kwa nyama, kama mbuzi wauawavyo, na machinjio yakaguliwa, hatuna neno. Akisema ni kwa nyara, waulize urefu wa uzio, na iko wapi njia ya mnyama kutokea.