Mgeni wa Kwenye Karatasi

Katika mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Sayansi Kimu humzulia mtahiniwa watu wa kulisha. Wanaweza kuwa jamaa waliokuja bila taarifa, au mgonjwa anayepata nafuu na mwenzake. Mtahiniwa husoma orodha ya vyakula vilivyopo, kisha hupewa nusu saa ya kupanga: aandike mapishi, mfuatano wa kazi, na vyakula na vyombo atakavyohitaji. Kipindi cha vitendo kikifika, ana saa moja na robo ya kupika, kuandaa meza na kuacha jiko safi. Mtahini anazunguka na karatasi ya alama, akitazama viazi vinavyomenywa na moto unaoachwa ukiwaka bure. Meza inaandikwa, maji yanamiminwa kwenye bilauri. Mgeni haji, wala hakuwahi kuwepo.

Tumezoea kuamini kwamba ukarimu ni malezi. Mtoto humwona bibi yake akimsogezea sinia jirani aliyepita tu kusalimia, naye akikua hufanya vivyo hivyo bila kuulizwa. Je, jambo la namna hii laweza kutahiniwa? Na yule anayelisomea ili alipwe mshahara, anachotoa bado ni ukarimu, au ni kitu kingine kilichovaa sare yake?

Shaka ya kwanza ni kongwe. Katika mazungumzo aliyoyaita Gorgias, mwanafalsafa Plato anamfanya Sokrates akatae kabisa kuuita upishi sanaa. Kwake huo ni uzoefu tu, aina ya kujipendekeza: mpishi hulenga kinachofurahisha ulimi, ilhali tabibu hulenga kinachoufaa mwili. Anaongeza, kwa kejeli tamu, kwamba mpishi na tabibu wakishtakiana mbele ya baraza la watoto, tabibu hana lake. Kenya imemjibu bila kukusudia: katika sekondari ya juu iliyoanza Januari 2026, Sayansi Kimu imewekwa kwenye mkondo mmoja na fizikia na hisabati. Lakini jibu zuri zaidi limo katika swali la mtihani lenyewe. Anayempikia mgonjwa wa shinikizo la damu hana budi kuipima chumvi kabla ya kufikiria ladha. Ile nusu saa ya kupanga, ambayo wanafunzi wengi huiona kero, ndiyo inayomlazimisha kijana kumfikiria mtu mwingine kwa undani: meno yake, tumbo lake, ugonjwa wake, muda wake. Sijui kama ukarimu una kiini kingine kuliko hicho. Moyo wa mtahiniwa hausahihishwi, na ni heri. Uangalifu wake unasahihishwa, na uangalifu hufundishika.

Shaka ya pili, ile ya fedha, ni nzito zaidi. Hata hivyo tusiusifu mno ukarimu wa nyumbani. Nyumbani tunachagua. Anayepikiwa pilau ni mkwe, au mjomba aliyetoka mjini; fundi aliyeshinda juani akitengeneza paa hupelekewa sahani yake nyuma ya nyumba. Mhudumu aliyefunzwa hana ruhusa hiyo. Akijiwa na mchuuzi aliyejikusanyia pesa kidogo kidogo apate chakula cha jioni cha heshima, yampasa kumwekea kisu na uma kwa utaratibu uleule anaomwekea waziri. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba kupokewa kwa mgeni si fadhila bali ni haki, japo yeye alimaanisha haki finyu tu: mgeni asitendewe kama adui kwa kuwa amefika ugenini. Mafunzo ya hoteli, kwa namna yao ya kawaida kabisa, yanaisogeza haki hiyo hadi mezani. Humpendi, humjui, na bado unamhudumia vizuri.

Ujuzi peke yake hautoshi, bila shaka. Wapishi na wahudumu wa hoteli kubwa za Nairobi ya ukoloni walijua kazi yao barabara. Mwafrika alibeba sinia, ila kiti cha mezani hakikuwa chake. Hata baada ya uhuru, kumfunza Mkenya kuiongoza hoteli, si kuihudumia tu, ilikuwa kazi ya kujengewa chuo: Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi.

Kinachonisumbua ni upande wa anayehudumu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kukumbusha kwamba hata mgeni ana wajibu wa kufanya kazi. Ukarimu wa nyumbani una ukomo, na mwenyeji ndiye anayeuweka. Mgeni wa hoteli hapewi jembe, hupewa bili, na akiilipa anaweza kukaa mwezi mzima akilalamika. Mwenyeji, yaani binti wa miaka kumi na minane aliye kwenye mafunzo ya vitendo, hana nyumba yake ya kumfukuza mgeni. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliwachunguza wahudumu wa ndege Marekani waliofundishwa kulitoa tabasamu kama sehemu ya bidhaa, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuanza kupoteza uhakika wa hisia zilizo zake.

Kwa hiyo mitaala ya mapishi na hoteli inapoandikwa upya, ningeomba tabasamu lisipewe alama. Mwalimu apime joto la mafuta, usafi wa ubao wa kukatia, mpango wa kazi. Kisha atenge vipindi vya kumfundisha mwanafunzi yale anayoruhusiwa kukataa: saa za ziada zisizolipwa, matusi, mkono wa mteja kiunoni. Amzoeze hata maneno ya kusema, kwa sauti, mbele ya wenzake, kama anavyomzoeza kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Mtihani unaojua kumzua mgeni mgonjwa hauwezi kushindwa kumzua mgeni mwenye mikono mirefu, na kumpa mtahiniwa nusu saa ya kuandika atamfanyaje.